Marehemu Alipoonekana Mpirani

Ndiyo, msomaji, macho yako hayakukudanganya. Yule mwanamke aliyejaa kwenye kioo cha kamera ya pili, mashavu yametuna, akitafuna mbinzo, wale viwavi wa kukaanga, kutoka kwenye jani, alikuwa Mama Berthe. Mama Berthe yule yule tuliyemzika kwa machozi na matarumbeta.

Ndani ya gari la mitambo, nyuma ya ukuta wa uwanja, Sikujua alikauka. Yeye ndiye mwongozaji wa matangazo, yeye ndiye huamua kamera ipi iende hewani, na kidole chake kilikuwa kimeganda juu ya kitufe.

Aliyechelewa kupanda na apande upesi, maana mto una kasi. Tele Mayi, kituo chetu cha hapa Kisangani, kimeanzisha huduma yake yenyewe ya kutazama kwa simu, jina lake Mutumbwi. Papa Aboubakar, mwenye kituo, ameng'oa kila kilicho chake kwenye televisheni za wengine: muziki, vichekesho, tamthilia ya Wivu wa Mangobo, hata mpira wa watani wa ng'ambo mbili za mto, Ngando ya Mangobo na Radi ya Lubunga. Atakaye kuona, apande Mutumbwi. Kampuni kubwa ya Kinshasa, Mbonda Plus, nayo inaanzisha ya kwake, na imekaa pembeni kama mamba. Mutumbwi ukizama leo, Papa Aboubakar atawauzia kila kitu, studio itafungwa, na mafundi na waigizaji watajua wenyewe pa kwenda.

Chambo kikubwa cha Mutumbwi kilikuwa kifo cha Mama Berthe, anayeigizwa na Priscille. Alipokufa ndani ya tamthilia, mji ulilia kweli. Wauza samaki wa soko kuu walifunga vitambaa vyeusi. Watu wawili tu walijua kwamba Ijumaa angefufuka: Papa Aboubakar na Sikujua, anayeiandika na kuipiga picha.

Na leo Jumapili, mpira ndiyo kwanza umeanza, marehemu anakula mbinzo hadharani.

"Messieurs-dames!" sauti ya Arthur, mtangazaji, ilipasuka kwenye spika. "Ngando banaanza mupira kwa… non! Non, non, non! Marehemu! Marehemu iko pa tribune! Anakula!"

"Arthur, funga kinywa!" Sikujua alifoka kwenye kipaza sauti chake cha kichwani. "Djuma! Kamera ya kwanza! Nipe uwanja, haraka!"

Akabonyeza. Kamera ya kwanza ikampa mbingu. Mbingu tupu, buluu, na ndege mmoja aliyekuwa na shughuli zake.

"Djuma? Djuma, uko wapi?"

Uwanja ndio ulijibu. Upande wa Lubunga uliruka juu kama umemwagiwa maji ya moto.

"Goli!" aliita Arthur. "Goli! Nani amefunga? Mi sijaona! Kuko mutu amefunga, lakini mi nilikuwa naangalia maiti!"

Na hiyo ndiyo ilikuwa balaa yenyewe. Hakuna aliyeona mpira ulivyoingia; waliuona tu wavuni. Watazamaji walikuwa wamegeukia jukwaani. Refa alikuwa amegeukia jukwaani. Kipa wa Ngando aliupa mpira mgongo, mikono kichwani, akiita, "Mama Berthe! Mama Berthe!" Mtu mmoja tu uwanja mzima hakufuata tamthilia, naye alikuwa mshambuliaji wa Radi. Alipiga mpira, akageuka, akaanza kujikumbatia.

Mlango wa gari ulifunguka kwa kishindo. Papa Aboubakar aliingia amekunja kanzu kwa mkono mmoja, kofia imekaa upande.

"Umeniua! Umeniua mu jua kali ya muchana!"

"Papa Patron, sikujua…"

"Jina yako naijua! Nataka maelezo!"

"Priscille tulimutuma Yangambi, apumzike mpaka Ijumaa. Nani amemuleta huku, Papa, ni Mungu anajua."

"Toa ile sura! Batu yote banaona! Nani atalipa Ijumaa kuona mutu afufuke, kama Jumapili amemuona anapangusa midomo?"

"Nimekwisha toa, Papa. Angalia."

Papa Aboubakar aliangalia. Lakini macho yake hayakufika kwenye picha; yalinasa pembeni, kwenye kile kidude cha kuhesabu watazamaji. Tangu asubuhi kidude hicho kilikuwa kikijikokota kama konokono. Sasa kilikuwa kinakimbia kama mbuzi aliyeona kisu.

Chini yake maneno ya watazamaji yalimiminika. *Rudisheni marehemu! Mi nilifunga kitambaa pa kilio yake, na ye anakula! Tele Mayi mbona munatuonyesha ndege?*

Mzee alivua kofia. Alijipepea. Sauti ilipomtoka tena ilikuwa ya mtu mwingine kabisa, laini kama ya muuza vitenge aliyeona mteja.

"Sikujua, mutoto yangu."

"Papa."

"Rudisha marehemu."

"Na mupira, Papa?"

"Mupira gani? Batu banaomba maiti, unabapatia mupira?"

Sikujua hakubishana. Aliweka kamera ya pili hewani, akaacha mitambo mikononi mwa mzee, akatoka mbio kuelekea jukwaani, kile kipaza sauti bado kichwani. Alikuwa na swali moja linamwasha kuliko pilipili: nani alimleta Priscille?

Jibu lilikuwa limekaa karibu naye, limevaa suti ya kubana na kiatu chenye ncha. Jean-Paul, mjumbe wa Mbonda Plus, alikuwa ameinua simu anajipiga picha yeye na Priscille, meno yote nje.

"Yaya Sikujua," alisema Priscille bila kuinuka, kama amwitavyo dada mkubwa. Alipangusa vidole kwenye jani, kimoja kimoja. "Karibu pa kilio yangu."

"Priscille, si tulipatana utabaki Yangambi?"

"Tulipatana? Mulinipandisha baleinière, ile boti ya mto, munasema, kapumzike. Mi napumzika. Siku moja niko kwa musuki wa nywele, télé inawaka, naona sanduku. Nauliza, nani amekufa? Musuki ananiambia: ni weye."

Watu wa viti vya nyuma walicheka. Priscille hakucheka.

"Hiyo ningeimeza. Lakini mama yangu, yaya! Mama yangu iko Isangi, hana télé. Yeye anajua kitu moja: mutoto wake, batu banamwita Mama Berthe. Anasikia kwa redio, Mama Berthe ametutoka. Anapanda pirogue na bashangazi yangu yote, na mbuzi mbili za matanga. Banapita Yangambi kutafuta mafuta ya moteri. Mi nashuka beach kununua samaki, nakuta pirogue inalia. Nauliza, pole ba mama, munalilia nani?"

Sikujua aliziba mdomo.

"Mama aliniona, akaanguka. Alipoamuka akanipiga kofi. Halafu akanishika hivi, yaya, hakuniachilia mpaka jua ilizama. Na weye unayeandika picha, weye unayeniita mudogo yako, haukunipigia hata simu."

Hapo, msomaji, Sikujua alijiona mdogo kuliko mbinzo. Wameanza pamoja Tele Mayi ilipokuwa chumba kimoja nyuma ya duka la vitenge. Wamekula sahani moja ya makemba, ndizi za kupika. Na siri aliyomficha aliificha kwa kuogopa tu: mambo yakiingia sikio la mwigizaji, jioni yako sokoni.

Akainama, akamnong'oneza, "Mudogo yangu, nisamehe. Haukufukuzwa. Ijumaa unafufuka."

"Ninafanya nini?"

"Unafufuka! Tumekwisha piga nusu. Makaburi, mvua, sanduku linafunguka, mukono unatoka. Mukono tu! Hata ule mukono ni wangu. Sura tulikuwekea weye. Alhamisi ungekuya kupiga sura. Ni siri, Priscille. Hakuna mutu anajua, ila mi na Patron."

Priscille alidondosha jani.

Halafu, kutoka kwenye simu ya mama mmoja wa mbele yao, sauti ikasema: *Haukufukuzwa. Ijumaa unafufuka.*

Kisha kwenye simu ya kushoto. Kisha za nyuma. Mutumbwi una kasoro moja ambayo mafundi wameapa kuitengeneza: lisemwalo hufika simuni limechelewa kidogo, kama mwangwi. Na sasa jukwaa zima, simu kwa simu, lilikuwa likinong'ona: *Mukono tu! Hata ule mukono ni wangu. Ni siri, Priscille. Hakuna mutu anajua.*

Sikujua alijishika kichwa, na mkono wake ukagusa kile kipaza sauti. Kilikuwa wazi. Kule garini mzee alikuwa amegusa kitufe asichokijua, na njia yote sasa ilikuwa wazi.

"Goooooli!" Arthur alilia kule juu kwa furaha ya mtu aliyepata riziki. "Messieurs-dames, Mama Berthe anafufuka! Passe nzuri ya Sikujua, Priscille anapokea na kifua, kilio ya mama inapita katikati, na siri iko mu nyavu!"

"Arthur!"

"Sikujua anafunguka, mwamuzi hana cha kusema!"

Jean-Paul ndiye aliyesimama kwanza. Alinyoosha koti lake.

"Bon," alisema. "Tuseme kweli. Nyinyi mulimuzika. Batu yote ni bashahidi, matarumbeta yalilia. Mutu ukimuzika, si wako tena. Mbonda Plus tunamuokota, karatasi ya mukataba iko tayari, donc anafufuka kwetu, Kinshasa, na sanduku nzuri kuliko ile ya kwenu."

"Maiti iko na wenyewe!" Sikujua alimgeukia. "Mwenye kilio ndiye mwenye maiti!"

"Na mwenye maiti alimuacha maiti Yangambi bila simu," Jean-Paul alijibu, na kwa kweli hapo alimpata.

"Hors-jeu! Ameotea!" aliita Arthur. "Jean-Paul iko hors-jeu… ah non, iko sawa. Iko sawa, messieurs-dames. Inauma, lakini iko sawa."

Kumbe huko chini mpira ulikuwa umesimama kitambo. Wachezaji wa Ngando waliketi katikati ya uwanja kama watu waliofika matanga. Hawachezi. Goli lililoingia kipa akiwa ameupa mpira mgongo, na refa ameupa mpira mgongo, goli gani hilo? Radi nao walisema goli ni goli, hata ukilala. Upande wa Mangobo ukaanza kuimba. Upande wa Lubunga ukaimba zaidi. Chupa ya kwanza ya plastiki iliruka.

Refa alikuja mpaka chini ya jukwaa, jasho linamtiririka.

"Mama wa Tele Mayi! Munionyeshe picha ya lile goli, nikate shauri. Kama hakuna, mi navunja mechi."

Mechi ya kwanza ya Mutumbwi, ivunjike! Sikujua alihesabu kamera zake. Kamera ya pili ilikuwa na Priscille. Kamera ya kwanza ilikuwa na ndege.

"Mi niko nayo," alisema Jean-Paul polepole.

Wote wakamgeukia. Aliinua simu yake, akatabasamu kama mtu aliyeokota jino la dhahabu. Alipokuwa anajipiga picha na Priscille, simu ilikuwa inarekodi video tangu mpira ulipoanza. Na nyuma ya mabega yao, wazi kabisa, palikuwa na lango la Ngando.

"Leta!" Sikujua alinyoosha mkono.

"Pole pole, mama. Weye sema hapa, mbele ya batu yote, kama Priscille ni wa Mbonda Plus. Sema tu. Na mi nakupatia goli."

Sikio la Sikujua likajaa sauti ya Papa Aboubakar kutoka garini. "Mupe! Mupe Priscille, okoa mechi! Tunamuzika mara ya pili, na leo bila matarumbeta!"

Sikujua alifumba macho. Alijua kitakachofuata, na hakuwa na la kufanya isipokuwa kungoja. Kikaja. Simu ya mbele, simu ya kushoto, jukwaa zima: *Tunamuzika mara ya pili, na leo bila matarumbeta!*

"Uuuuh!" uwanja uliguna, Mangobo na Lubunga kwa sauti moja.

Priscille alivaa miwani yake ya jua.

Hapo Sikujua alifanya jambo ambalo hata yeye hakulitarajia. Alikivuta kile kipaza sauti karibu na mdomo, ili kila mtu asikie vizuri.

"Papa Patron, mi nakuheshimu. Ulinifundisha kazi. Lakini huyu si kitambaa, tumupime na tumukate. Mama yake amemulilia mara moja, inatosha. Mechi ivunjike kama inavunjika. Priscille simutoi."

Jukwaa lililipuka. Akina mama waliinua vitenge. Arthur alikuwa analia waziwazi hewani, akitafuta jina la pigo hilo katika kamusi yote ya mpira na asilipate.

Na katika vurugu hiyo Priscille aliinuka, akaitwaa simu ya Jean-Paul mkononi kwa upole, kama anavyochukua mama kisu kwa mtoto.

"Hé! Ni yangu!"

"Sura iliyomo ni ya nani?" aliuliza Priscille. "Basi."

Akashuka ngazi. Uwanja ukanyamaza kumpisha, maana si kila siku unamwona mtu uliyemzika anakatiza majani kwenda kwa refa. Sikujua alimfuata mbio. Wakainamisha vichwa juu ya kioo: refa, Priscille, Sikujua, kipa wa Ngando, mshambuliaji wa Radi.

Ndani ya simu, Jean-Paul anacheka. Priscille anatafuna. Nyuma yao mshambuliaji anapiga mpira, na mpira unakwenda nje. Nje kabisa, mbali na mlingoti. Lakini pale pembeni ya lango kuna mtu mnene mwenye masharubu, amevaa kizibao cha Tele Mayi, ameacha kamera yake imeangalia mbinguni, ameingia mpaka ndani ya uwanja na shingo ndefu ya kutafuta marehemu jukwaani. Mpira unamgonga makalio. Unabadili mawazo. Unaingia wavuni.

Refa alirudia kuangalia. Kisha akauliza kwa sauti ya kuchoka, "Uyu ni nani?"

"Djuma," alisema Sikujua. "Kamera ya kwanza."

Djuma aliletwa. Alijishika nyuma.

"Chef, mi nilijua ni mutu amenitupia chungwa."

Msomaji, uwanja ulicheka mpaka chupa zilizokuwa zimeandaliwa kurushwa zikadondoka zenyewe. Refa alifuta goli. Mshambuliaji wa Radi alisema wampe nusu yake, wakamcheka naye. "Changement!" Arthur alipiga kelele. "Radi ya Lubunga, mutoe numero tisa, muingize Djuma!" Kidude cha kuhesabu watazamaji, Papa Aboubakar alisema baadaye, kilikuwa cha moto ukikigusa.

Priscille alikuwa amemshika Sikujua mkono. Alicheka, mara ya kwanza siku hiyo.

"Yaya, Alhamisi nakuya kupiga sura. Lakini kwanza unapanda pirogue, unaenda Isangi, unapigia mama yangu magoti."

"Mara mbili," alisema Sikujua.

Jean-Paul, aliyeifuata simu yake, alibaki pembeni ya mstari wa chaki, ananyoosha koti lisilokuwa na mkunjo. Jua lilikuwa zuri. Refa alishika mpira tayari kuanza tena. Laiti hadithi ingekubali kuishia hapo!

Sauti ya Papa Aboubakar ikarudi sikioni, imechangamka.

"Sikujua! Siri imekwisha toka, alors chakula kipakuliwe. Batu banaomba. Natia sehemu ya Ijumaa sasa hivi, kabla mupira haujarudi!"

"Papa, hapana! Haijaisha! Inaishia kwa mukono!"

Mzee alikohoa.

"Papa?"

"Imeisha," alisema mzee. Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Niliimalizisha juzi."

Simu zote za uwanja zilikuwa zimeinuliwa. Muziki wa Wivu wa Mangobo ukaanza, huku na huku, umechelewa huku na umewahi kule. Makaburi. Mvua. Sanduku likafunguka, ukatoka mkono, mkono wa Sikujua mwenyewe, na pete yake. Hapo ndipo alipokata picha kwa vidole vyake.

Picha haikukatika.

Mfuniko ukaanguka. Aliyekaa ndani ya sanduku, amevaa kitenge cha Mama Berthe, amejipaka poda ya kifo na rangi ya mdomo, alikuwa Safiya. Safiya, binti kipenzi wa Papa Aboubakar, muuza wigi wa mtaa wa Makiso, ambaye hajawahi kuigiza hata ugonjwa wa kukwepa shule. Aliangalia kamera, akapepesa kope ndefu, akasema, "Ni mimi. Nimerudi."

Sikujua aligeuka amweleze Priscille. Alikuta mkono wake umeachiwa.

Priscille alikuwa tayari amefika kwenye chaki. Alimrudishia Jean-Paul simu yake, kwa mikono miwili, kwa adabu.

"Tonton," alimwambia, "ile karatasi yako ya Kinshasa, uko nayo?"

Jean-Paul aliingiza mkono ndani ya koti.